Chuma Kilichofuata Sauti Zetu

Porto Lavedo,
wiki ya Mtakatifu Yohane, 1974

Mjukuu wangu Eliseo,

Wewe mtoto huna haya. Viazi vimepandwa na kuvunwa, vikapandwa tena na kuvunwa tena, na hata kivuli chako hakijapita kwenye njia ya kanisani. Kadi ya Krismasi si mguu. Picha si uso. Naandika huku nakusema kwa mdomo, na paka amekwisha kunikimbia akidhani ni yeye. Haya, nimekukaripia, sasa nikusalimu kama mtu na mtu wake.

Hujambo, mwanangu? Kifua chako, kilichokuwa kikikoroma kila baridi ikiingia, kimetulia huko Bremerhaven? Unavaa zile soksi? Mama yako anasema siku za kazi unakula samaki wa kopo. Wa kopo, mjukuu wa Amaro! Mimi mzima, ila magoti, ambayo siku hizi yanajua mvua kabla ya mawingu. Mama yako Dores hajambo. Baba yako hajambo, pamoja na ubishi wake. Obdulia jirani bado yu hai kwa ukaidi tu, na anauliza kama Wajerumani wamekwisha kukufundisha kuoga.

Mwandiko huu uuvumilie. Darasani sikukaa hata siku moja. Herufi nilizidokoa kwa mama yako alipokuwa akisoma mezani, kama kuku anayedokoa punje chini ya meza ya watu. Lakini kwa neno hili sikutaka mkono wa mtu mwingine.

Mama yako amenisomea barua yako, ile uliyomwambia asinionyeshe. Usimkasirikie. Nilimbana jikoni, kati ya jiko na mlango, na mama yako hajawahi kunishinda mahali pembamba. Basi najua. Najua kuna binti, Anke, na kwamba mnataka kuoana. Najua baba yake wakati wa vita alikuwa baharia wa nyambizi. Najua umeona afadhali usikanyage tena nyumbani kuliko kumleta mezani kwangu binti wa watu waliomuua babu yako. Na binti mwenyewe, ulivyoandika, amesema kama ndivyo basi muachane mapema, kwa kuwa yeye hawezi kula mkate wa mwanamke aliyefanywa mjane na watu wa baba yake. Niliposikia hilo niliweka kijiko chini. Nikamwambia mama yako, huyu binti ana adabu kuliko wewe na mimi. Mama yako akalia. Unajua alivyo karibu na machozi.

Sikiliza basi, na usisome ukiwa umesimama.

Nchi yetu haikuwamo vitani. Ilikuwa imetoka kwenye vita vyake yenyewe, vya ndugu kwa ndugu, na haikuwa na nguvu ya vingine. Wakuu wakasema sisi hatumo. Sawa, hatumo, lakini nani aliiambia pwani? Kwingine kote taa za baharini zilikuwa zimezimwa ili adui asione njia. Taa yetu ya rasi iliendelea kuzunguka kama kawaida, maana asiye na adui anamzimia nani taa? Kengele ya kanisa iliendelea kulia. Mashua zetu ziliendelea kutoka, na nyambizi ikijichanganya nazo, anayetazama kwa mbali hajui ipi ni ya samaki na ipi ni ya mauti. Na ndege za Waingereza hazikuwa na ruhusa ya kudondosha mabomu yao karibu na nchi ya watu wasiomo. Sasa jitie wewe humo ndani ya chuma. Umezama siku nyingi, hujui uko wapi, unawindwa kila upande. Ukaiona taa inawaka kwa amani. Ukayaona majabali marefu yenye kina kirefu mpaka ukingoni, na kijito cha maji matamu kinachoangukia ufukweni. Ungekwenda wapi? Ungekuja kwetu. Nao walikuja kwetu. Hatukuwaalika wala hatukuwa na cha kuwafukuzia. Pwani iliwasaidia kwa kukaa tu mahali pake, kama mti unavyompa mwizi kivuli.

Na sisi wanawake tulikuwa na letu. Wewe umekua mashua zina redio, hili hukuliona. Ukungu uliposhuka, kila nyumba yenye mtu baharini ilimtoa mwanamke na baragumu lake, lile kome kubwa lililokatwa ncha. Tulijipanga majabalini tangu mwamba wa nje, ule Jino, hadi ufukweni. Kila mke na pulizo lake. Langu lilikuwa refu, kisha fupi kama kwikwi. Mwanamume aliyepofushwa na ukungu alisikia Jino upande wa kushoto, akasikia ufuko mbele, akapita katikati, na kila hatua akijibu kwa baragumu lake mwenyewe. Ilikuwa na sheria yake: hakuna kutua baragumu mpaka mashua ya mwisho ifike, hata kama wako amekwisha kuvua buti na yuko nyumbani anakunywa mchuzi.

Mkuu wetu alikuwa mama mkwe wangu Balbina, mama mzazi wa babu yako. Yeye ndiye aliyesimama juu ya Jino, peke yake, na mtandio wake mweusi wa ujane. Watu walisema Balbina akipuliza vizuri anaweza kumrudisha mtu kutoka Buenos Aires. Obdulia, mdomo wake unaujua, akaongeza kwamba ndiyo maana wanaume wetu waliokwenda huko hawarudi: wanaogopa wakirudi watampata Balbina.

Siku ile ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Kwaresima. Ukungu ulikuwa mzito hata vidole vyangu nilivihisi bila kuviona. Mashua zilikuwa zikiingia moja moja, tunasikia makasia, tunasikia matusi ya kawaida. Ikabaki ya babu yako. Nikapuliza. Badala ya baragumu la Amaro nikasikia pumzi. Mwanangu, sijui niiite nini. Pumzi nzito, ya taratibu, kama ng'ombe mkubwa kuliko mlima anayelala chini ya maji. Tukaendelea kupuliza, maana sheria ni sheria. Pumzi ile ikasogea kwa kufuata sauti zetu; Jino likilia inajitenga, ufuko ukilia inakuja. Ndipo ukungu ukafunguka mbele yangu kama pazia, na ukuta wa chuma ukapita chini ya miguu yangu.

Ulipita, na ukaendelea kupita. Nilidhani hautakwisha. Ulikuwa wa rangi ya mvua, umeota mwani ubavuni kama jiwe la kale, maji yanachuruzika kila tundu. Mgongoni ulikuwa na mnara, na juu ya mnara mwanamume mwenye ndevu amefumba macho. Ndiyo, amefumba. Alikuwa akisikiliza. Mkono mmoja ameuinua, akiupeleka kushoto, kulia, kwa kufuata mabaragumu yetu, kama padri anayeongoza kwaya. Meli ya vita, yenye moto wa kuzamisha mji, ilikuwa inaongozwa na pumzi ya wanawake wenye mikono inayonuka samaki. Nilimwamini Mungu siku ile kuliko siku ya komunio yangu ya kwanza, na nilimwogopa pia, kwa kuwa nilijiuliza ni nani mwingine anayesikiliza tunapoita watu wetu.

Obdulia alikuwa kwenye mwamba wa chini yangu. Hakuwa ameona mnara, ameona mgongo tu. Akapiga kelele kwamba ni nyangumi, tukimbie. Kisha mnara ukamfikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Generosa, shoga yangu, huyu nyangumi amevaa kofia." Tulicheka. Naapa kwa roho ya mama yangu, tulicheka mpaka tukashikana, na meno yakigongana kwa hofu.

Nyuma ya chuma kile, ndani ya njia yake ya povu, ikaja mashua ya babu yako. Amaro alikuja amekaa na kasia magotini. Baadaye alisimulia kwamba alikutana nacho huko nje, kikakaribia kumgusa, kisha yeye na wao wakasikia baragumu la mama yake, wote wakageuka pamoja. Akasema, tulifuatana kama waumini wa mtaa mmoja wanaokwenda misa.

Kilikaa chini ya majabali mpaka ukungu ulipoinuka mchana. Walitoka vijana weupe kama machipukizi ya kiazi yaliyosahauliwa stoo. Wakateka maji, wakafua nguo zao kwenye mawe yetu, vibaya. Obdulia akawa anasonya, hivi hao mama zao hawakuwafundisha kukamua shati? Mmoja alilala kifudifudi kwenye changarawe akaikumbatia nchi kwa mikono miwili, hakuinuka mpaka alipoitwa. Sajini wa doria alikuja akasimama juu ya jabali akatazama, kisha akatangaza kwamba kwa ukungu huu yeye haoni kitu. Jua lilikuwa limekwisha kuwaka. Nasi tukasema hatuoni kitu. Yule wa ndevu alipoondoka alimgeukia Balbina juu ya mwamba wake, akagusa kofia. Balbina hakumrudishia salamu, ila alibaki ametazama bahari muda mrefu, kisha akaniambia kwamba katika maisha yake yote hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza hivyo.

Kilirudi. Kile au ndugu yake, hatukujua. Vyuma havina sura. Kila ukungu ulipokuwa mzito, na sisi tukiita watu wetu, kiliingia pamoja na watu wetu. Ungefanyaje? Sauti haina mlango. Huwezi kumwita mume ukamwambia upepo usimpe jirani.

Kisha meli ikazamishwa nje ya rasi, meli ya mizigo, na maji yakatuletea waliokuwamo. Wamelala kule juu kando ya ukuta wa makaburi, umecheza hapo utotoni, ukakatazwa ukacheza tena. Tuliwaosha sisi. Tuliwavisha mashati ya waume zetu. Balbina alimwosha mmoja ambaye ndevu zilikuwa hazijamtoka sawasawa. Alimchana nywele, akazichana tena, tukamwachia. Jioni, kwenye jiwe la kufulia, akatuambia kwamba baragumu letu ndilo lililompumzisha aliyefanya hivi, likampa maji ya kunywa na mahali pa kufulia. Akasema kuanzia ukungu ujao Porto Lavedo itakaa kimya.

Tulimrukia. Na waume zetu je? Obdulia akamuuliza kama anataka wote tuvae mtandio kama wake. Balbina akajibu kwamba ukungu ukionekana tu, mashua zote zikimbilie Brañal, kule ghuba ni pana, hata mlevi anaingia bila kuitwa. Walale huko, warudi kukikucha kweupe. Wanaume waliitwa, wakakubali. Babu yako alikubali wa kwanza. Akamwambia mama yake kwa utani kwamba afadhali, walau Brañal atalala usiku mmoja bila kusikia mikoromo yangu. Akampa mkono wake kuwa ni ahadi. Nilikuwapo.

Hapa, Eliseo, ndipo hadithi unayoijua inapoachana na iliyotokea.

Ukungu wa vuli ulishuka kabla ya adhuhuri. Tulikwenda majabalini hivyo hivyo, kwa mazoea, tukakaa kila mmoja mahali pake na baragumu mapajani. Mimi siku hiyo niliketi na Balbina juu ya Jino. Kimya kile sikuwahi kukisikia tangu nizaliwe. Kisha ikaja ile pumzi. Ikakaribia, ikasimama, ikangoja. Ikaenda kulia, ikarudi. Ikaenda kushoto, ikarudi. Ilikuwa inatutafuta! Kitu kikubwa vile kilikuwa kinapapasa mbele yetu kama kipofu aliyenyang'anywa fimbo, na tuliomnyang'anya ni sisi, kwa kufunga midomo tu. Hapo ndipo nilipojua ukubwa wa kile tulichokuwa tukikitoa bure.

Na ndani ya ngurumo ile nikasikia baragumu. Mbali, mara moja. Nikasema, huyo ni Amaro. Balbina akasema Amaro yuko Brañal, amenipa mkono wake. Akasema hao ndio wenye chuma. Wametusikia mara nyingi, wamejifunza kutuita kama tulivyoita, wanatutega. Likalia tena. Nikainua langu. Akaushika mkono wangu akauteremsha, bila nguvu, kama unavyomteremshia mtoto mkono mezani. Nikamwachia, kwa kuwa alikuwa Balbina, na hakuna sikio pwani hii lililoijua bahari kama lake. Halikulia mara ya tatu. Chuma kikageuza, kikaenda zake, hakijarudi Porto Lavedo mpaka leo. Tulishuka tukiimba. Obdulia alicheza kwenye changarawe na viatu vya mbao, akipiga kelele kwamba tumeshinda vita kwa kunyamaza, na waume zetu wasizoee.

Kesho yake mashua zilirudi kutoka Brañal, na ya babu yako haikuwamo. Wenzake walisema ukungu ulimkuta karibu mno na nyumbani, kasia moja likiwa limevunjika, Brañal asingefika. Akaamua kuja. Vipande vya mashua tulivikuta chini ya Jino, na mwili wake kati yake, chini ya pale nilipokuwa nimekaa na mama yake. Vilikuwa na alama za chaza na mwamba, Eliseo. Hakuna chuma kilichomgusa babu yako. Ulikuwa mwamba wetu, na kimya chetu.

Ni Obdulia aliyesema wa kwanza kwamba nyambizi imempiga. Alisema pale pale ufukweni, kwa sauti kubwa, kabla mtu hajafungua mdomo, kwa sababu alimwona Balbina amekaa na ubao mkononi, na alijua pwani hii kutatokea tu mtu wa kusema msiba wa kujitakia hauna kilio. Wote tukashika neno lake. Padri alilishika mimbarini. Hata mama yako, mwanangu wa kumzaa, nilimlea kwa neno hilo, naye akakulea wewe. Balbina hakulikubali wala hakulikanusha. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila ukungu uliposhuka alipanda Jino akapuliza mpaka mashua ya mwisho, na baada ya mashua ya mwisho akaendelea. Siku moja aliniuliza tukimenya viazi kama mama anaweza asiijue pumzi ya mwanawe. Nikamwambia, anaweza, kukiwa na kelele. Akasema, kulikuwa na kelele. Nikasema, nyingi mno, mama. Tukaendelea na viazi.

Mficha uchi hazai, wanasema. Tuliuficha kwa kumpenda mwanamke mmoja, na sasa yeye amelala kwa amani, na uongo wetu umevuka mipaka ukakaa kati yako na binti wa watu. Hilo silikubali. Obdulia nilimwambia nakuandikia. Alinuna siku mbili, kisha akaja na jibini akasema andika, lakini sema nilicheza vizuri.

Usinielewe vibaya. Siwaoshi hao wenye chuma. Wale wa kando ya ukuta wana mama zao, na baba yake Anke, kama alikuwa na mkono kwenye bahari ile, anajua mwenyewe anavyolala. Kama hakuwamo, basi hakuwamo. Mimi sina hesabu naye. Ninachokuambia ni kwamba kifo cha babu yako si chake, na asibebeshwe. Mzigo huu ni wa nyumba yetu, na nyumba ya kuubeba ni yetu.

Mama yako amekwisha kusikia yote haya, nilimwambia jana kabla yako, kama inavyostahili. Hakulia. Alitoka akaenda kusimama juu ya Jino, na aliporudi alipika. Anakusalimu. Baba yako anakusalimu, anasema kama mchumba wako, kwa kuwa ni Mjerumani, anajua kutengeneza redio, aje nayo akili hiyo. Obdulia anakusalimu. Paka amerudi. Unisalimie wenzako wa kwetu Galicia huko kiwandani, na mwambie Anke kwamba bibi yako anamshika mikono yote miwili.

Sasa nisikie. Mwezi wa nane mje wote wawili, na mkishuka kwenye basi msije nyumbani moja kwa moja. Mpeleke kwanza kule juu kwenye makaburi, umwonyeshe wale wa kando ya ukuta, umwonyeshe Balbina na Amaro waliolazwa pamoja. Umweleze yote haya kwa lugha yake, taratibu, usiruke kitu, asije akayasikia kwa majirani. Akikaa kimya, mwache akae. Akitaka kurudi zake, msindikize hadi basini kwa heshima, wala usimbembeleze. Lakini akisema twende, mlete kwa mlango wa jikoni, ule wa watu wa nyumbani, na umtangulize yeye mbele yako.

Bibi yako,
Generosa